Selimundu: Mtoto Akisema Anaumwa, Mwamini

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya selimundu siku ya watoto, utasikia maswali yaleyale kila mlango unapofunguliwa. Amelazwa mara ngapi tangu mlipokuja? Ameongezewa damu? Wingi wa damu umefika ngapi? Dawa bado mnazo? Ni maswali ya lazima, na daktari mwenye foleni ndefu nje ya chumba chake hawezi kulaumiwa kwa kuanza nayo. Lakini yapo mengine yasiyoulizwa mara nyingi, nayo ndiyo yanayoeleza mtoto anaishije: Usiku analala? Wiki hii amecheza na nani? Shule amekosa siku ngapi? Kuna jambo analoliogopa? Na hata yakiulizwa, anayejibu karibu siku zote ni mama, mtoto akiwa pembeni anatazama viatu vyake.

Watafiti wanaopima ubora wa maisha ya watoto wenye magonjwa ya kudumu hutumia dodoso lenye pande nne: nguvu za mwili, hisia, uhusiano na wenzake, na masomo. Mtoto akitimiza miaka 5 huanza kujibu mwenyewe, mzazi naye hujibu la kwake kando. Majibu ya wawili hao mara nyingi hayalingani. Mzazi anakumbuka usiku wa kukimbilia hospitali kwa bodaboda. Mtoto anakumbuka siku alipoachwa nje ya timu kwa sababu "huyu ataanguka". Ugonjwa ni huohuo mmoja, ila asiyesikiliza upande wa mtoto atatibu damu huku mwenyewe akizidi kusononeka.

Sehemu kubwa ya maisha mazuri ya mtoto mwenye selimundu haiko hospitali. Iko nyumbani na darasani, na inaanza pale watu wazima wanapomwamini akieleza mwili wake unavyojisikia.

Ugonjwa unaotoka pande zote mbili

Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, nayo imo kwenye kundi la nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani, pamoja na Nigeria, India na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kanda ya Ziwa ndiko hali iliko nzito zaidi: uchunguzi wa damu za watoto wachanga umeonyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 huko amerithi kinasaba kimoja cha ugonjwa huu. Sababu ni ya zamani, na haina uhusiano wowote na laana. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo penye mbu wengi kinasaba hicho kimepita salama kizazi hadi kizazi.

Mwenye kinasaba kimoja si mgonjwa. Ugonjwa huja pale mtoto anapopokea kimoja kwa baba na kingine kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa kuleta mbebaji kama wao, na asilimia 25 wa kuleta mtoto asiye na kinasaba hicho kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Aliyetangulia kuwa mgonjwa hawakingi wadogo zake.

Nasisitiza hili kwa sababu bado wapo akina mama wanaorudishwa kwao na mtoto mgongoni, wakiambiwa kwamba "kwetu ugonjwa huu haupo". Upo. Mtoto asingeupata kama baba hakuchangia. Nyumba inayolielewa hili mapema inaokoa nguvu ambazo zingeishia kwenye lawama na kwa waganga, na mtoto hakui akijiona kuwa yeye ndiye chanzo cha ugomvi wa wazazi wake.

Ndani ya mwili mambo yako hivi. Chembechembe nyekundu za kawaida ni za mviringo na laini, na huishi siku 120 hivi. Za mtoto huyu, oksijeni ikipungua, hupinda kama mundu na kukakamaa. Hukwama kwenye mishipa midogo, kisha huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu. Kukwama ndiko kunakoleta maumivu na kuharibu viungo. Kuvunjika ndiko kunakoleta upungufu wa damu na macho ya manjano. Karibu kila dalili utakayokutana nayo inatokana na mambo hayo mawili.

Maumivu yasiyoonekana

Mara nyingi dalili ya kwanza hutokea mtoto akiwa kati ya miezi 6 na miaka 2. Kabla ya hapo hulindwa na damu ya kitoto aliyozaliwa nayo. Kisha siku moja anaamka viganja au nyayo zimevimba, vidole vimejaa, na analia kila akiguswa. Wengi hudhani ameumwa na mdudu au ameanguka mikononi mwa dada wa kazi. Wapo wanaompeleka kuchanjwa chale. Uvimbe wa namna hiyo kwa mtoto mdogo, hasa ukija pande zote mbili, ni sababu tosha ya kumpima selimundu.

Akikua, maumivu huhamia mgongoni, miguuni, mikononi, kifuani. Hapa ndipo watu wazima wanapokosea zaidi. Maumivu ya selimundu hayana jeraha. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema mtoto anaumwa kiasi gani. Mtoto aliyeyazoea anaweza kuwa anaumwa sana huku anatazama katuni, kwa sababu amejifunza kujisahaulisha. Mtu akimwona hivyo husema, "Huyu anadeka." Ukimwambia mtoto hivyo mara kadhaa, ataacha kukuambia. Ataanza kukuambia pale tu maumivu yatakapokuwa yamemshinda kabisa, na wakati huo dawa za nyumbani hazitoshi tena.

Mfundishe kuyapima. Kwa mdogo, mchoree sura tano au sita kwenye karatasi, kuanzia inayocheka hadi inayolia, aonyeshe kwa kidole iliyo yake. Mkubwa atumie namba, kuanzia 0 hadi 10. Tenga daftari moja la kazi hiyo tu, kaunta buku ndogo inatosha, muandike pamoja: tarehe, mahali palipouma, namba, alichokuwa anafanya kabla, dawa aliyopewa, na muda aliopata nafuu. Baada ya miezi michache mtaanza kuona mpangilio. Labda maumivu huja siku mbili baada ya kuogelea, au kila msimu wa kipupwe, au kipindi cha mitihani anapolala kwa kuchelewa. Daftari hilo likifika mezani kwa daktari lina thamani kuliko kumbukumbu ya mzazi aliyechoka.

Maumivu yakianza, usisubiri yazidi. Mpe maji au uji mwepesi anywe kidogokidogo, mara kwa mara. Mfunike, mkande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu au mchue taratibu. Barafu usimwekee kamwe, baridi hubana mishipa na kuongeza tatizo. Parasetamoli itolewe kwa kipimo cha uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Kama daktari ameruhusu ibuprofeni, apewe akiwa amekula, na isitolewe kama anatapika, ameishiwa maji au ana tatizo la figo. Asipirini si dawa ya kumpa mtoto nyumbani. Halafu kaa naye. Hadithi, wimbo, mchezo wa karata au simu yenye katuni ni sehemu ya tiba kwelikweli, kwani hofu huongeza maumivu.

Maumivu yasipopungua, nendeni hospitali. Huko anaweza kupewa mofini. Wazazi wengi huikataa wakiogopa mtoto atakuwa mraibu, na bahati mbaya hata baadhi ya wahudumu huogopa. Mtoto mwenye maumivu makali anayepewa mofini kwa kipimo sahihi, chini ya uangalizi, anatibiwa. Kumwacha alie usiku kucha kwa hofu hiyo ni ukatili, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Homa na bandama

Maumivu ndiyo yanayoonekana sana, ila kinachoua watoto wadogo zaidi ni maambukizi na upungufu wa damu wa ghafla. Mpango wa selimundu wa Muhimbili, ulioanza mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani na kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walio chini ya miaka 5. Katika nchi zinazowapima watoto wote wanapozaliwa na kuwaanzishia huduma mapema, zaidi ya 9 kati ya 10 hufikia utu uzima. Mtoto ni yuleyule mwenye ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba aligundulika mapema na watu wake wanajua la kufanya.

Bandama ndicho kiungo kinachochuja damu na kupambana na baadhi ya bakteria. Kwa mtoto mwenye selimundu huharibika mapema, kwa hiyo homa kwake si jambo la kununua dawa dukani na kusubiri hadi kesho. Kuwa na kipimajoto nyumbani. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na mlangoni useme wazi: "Mtoto huyu ana selimundu na ana homa." Usiache mpaka waulize.

Kuna hatari nyingine ambayo mzazi anaweza kuitambua kwa mikono yake. Wakati mwingine damu hujaa kwenye bandama ghafla. Mtoto hupauka, huishiwa nguvu, na tumbo lake hujaa upande wa kushoto ndani ya saa chache. Mwombe muuguzi akufundishe kulipima bandama. Mtoto alale chali, magoti yakunjwe kidogo ili tumbo lilegee. Weka ncha za vidole vyako chini kwenye tumbo upande wa kushoto, panda taratibu kuelekea kwenye mbavu huku mtoto akivuta pumzi. Bandama lililokua utalisikia kama ukingo mgumu unaogusa vidole. Chukua kijiti bapa cha aiskrimu au kipande cha karatasi ngumu, weka ncha yake kwenye chuchu ya kushoto, kisha chora mstari pale ukingo huo unapoishia. Hicho ndicho kipimo cha mtoto wako akiwa mzima. Siku anapoonekana mnyonge, pima tena. Ukingo ukishuka kupita mstari, hilo ni la kukimbilia hospitali, na kijiti chako uende nacho.

Haya hayakutungwa ofisini. Wazazi wa Jamaica walipofundishwa kupapasa bandama za watoto wao, vifo kutokana na tukio hilo vilishuka kutoka karibu 29 hadi karibu 3 kwa kila matukio 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1985. Hakuna mashine iliyonunuliwa.

Dalili nyingine zisizosubiri ni hizi: kifua kuuma au kupumua kwa shida, degedege, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kutotoka vizuri, na kichwa kuuma kupita kawaida. Kiharusi si ugonjwa wa wazee peke yao. Bila kinga, takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye aina kali ya selimundu hukipata kabla ya kufika miaka 20. Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwani, hakichomi wala hakiumi, na kinaweza kumwonyesha aliye hatarini kabla kiharusi hakijatokea. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando zimekuwa zikikitumia. Ukiwa kliniki, uliza mtoto wako atapimwa lini, hasa kuanzia umri wa miaka 2.

Dawa za kila siku, akiwa mzima

Jambo gumu kwa familia nyingi ni kumpa dawa mtoto anayecheza na kucheka. Kumbe hizo ndizo siku zenyewe. Penisilini ya kumeza, mara mbili kwa siku hadi angalau miaka 5, humkinga na bakteria wanaoleta nimonia na sumu ya damu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kuwa dawa hiyo rahisi ilipunguza maambukizi hayo kwa zaidi ya asilimia 80. Chanjo zote za watoto zikamilike kwa wakati, ile ya nimonia ikiwemo. Foliki asidi humsaidia kutengeneza damu mpya. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, kwa sababu kinga dhidi ya malaria niliyoitaja ni ya mbebaji, si ya mgonjwa. Malaria kwa mtoto mwenye selimundu inaweza kumshusha damu hadi kufa.

Haidroksiyurea inastahili maelezo zaidi. Huuamsha mwili urudi kutengeneza ile damu ya kitoto, ambayo haipindi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Afrika, penye malaria na lishe duni, ingeleta madhara. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, ukihusisha watoto wapatao 600, ulionyesha kinyume: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, na hata malaria na vifo vilipungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Mzazi ajue mambo machache. Dawa hii huchukua miezi kuonyesha faida yake yote, na faida hiyo hupotea ikiachwa. Mtoto lazima apimwe damu mara kwa mara ili kiwango kirekebishwe. Unga wa ndani ya kidonge usishikwe mikono mitupu, hasa na mama mjamzito. Na kama mtoto wako ana maumivu ya mara kwa mara na hujawahi kusikia dawa hii ikitajwa, uliza wewe.

Dawa ya madini ya chuma usimpe bila vipimo. Najua ndicho kitu cha kwanza muuza duka atakachokupa ukisema mtoto hana damu. Lakini upungufu wake hautokani na kukosa chuma, unatokana na chembechembe kuvunjika. Chuma kinachotoka humo hubaki mwilini, na kila chupa ya damu anayoongezewa humwongezea kingine. Kikizidi huharibu ini na moyo. Juisi ya rozela, mchicha, matembele, maharage, dagaa, mayai na matunda ni chakula kizuri na ale ashibe, maana mwili wake unatumia nguvu nyingi. Ila hakuna juisi inayoponya selimundu, na anayekuuzia chupa ya dawa ya asili kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Shuleni

Kama ningepewa dakika tano na kila mwalimu mkuu, ningezitumia kuzungumzia mchakamchaka, maji na choo.

Mchakamchaka wa alfajiri, wakati wa baridi, tumbo likiwa tupu, ni karibu kila kitu kinacholeta maumivu kikiwa kimefungwa pamoja. Ongeza kusimama mstarini juani, kupiga magoti kama adhabu, au kuogea maji baridi bwenini saa kumi na moja asubuhi. Mtoto huyu asifanyishwe hayo. Lakini asigeuzwe mtazamaji pia. Acheze, akimbie kwa kiasi chake, na apewe ruhusa ya kupumzika pale yeye mwenyewe anaposema amechoka, bila kupigiwa kelele. Ujuzi huo wa kujua kikomo chake ataukosa kama kila siku anaamuliwa na wengine.

Maji awe nayo mezani, darasani, muda wote. Figo za mtoto mwenye selimundu hushindwa mapema kubana mkojo, kwa hiyo hunywa sana na hukojoa sana. Mwalimu anayemnyima ruhusa ya kutoka anamfundisha kutokunywa maji ili asiaibike, na asipokunywa, damu hukwama. Mtoto anaweza kuishia wodini kwa sababu ya ruhusa ya choo. Nyumbani nako, kwa sababu hiyohiyo ya figo, wengi hukojoa kitandani hadi umri mkubwa. Asichapwe, asianikiwe godoro mbele ya wenzake. Tandika plastiki chini ya shuka, mwamshe mara moja usiku, na usimpunguzie maji kwa lengo la kumkausha.

Macho ya manjano huleta majina ya utani. Nayo huumiza kuliko watu wazima wanavyofikiri. Mwalimu akitenga kipindi kimoja kulieleza darasa kwamba manjano hayo hayaambukizi, kwamba mwenzao amezaliwa hivyo na anaweza kucheza nao na kula nao, utani hupungua sana. Amwombe kwanza mtoto mwenyewe ruhusa, maana wapo wasiotaka kutajwa.

Mzazi asiende shuleni mara ya kwanza siku ya dharura. Mwanzoni mwa mwaka peleka barua fupi kutoka kliniki: ugonjwa alionao, asifanyishwe nini, dawa ya maumivu anayoruhusiwa, dalili za hatari, na namba mbili za simu. Weka sweta na soksi za ziada kwenye begi hata kama mnaishi Dar es Salaam, kwani mvua haitoi taarifa. Panga na mwalimu wa darasa namna ya kupata kazi zilizompita akilazwa. Rafiki mmoja anayenakiliwa daftari lake, au picha za ubaoni kwa simu, humfanya arudi darasani bila hofu.

Na akianza kuporomoka kimasomo bila sababu, kusahau, kutofuatilia, usikimbilie kusema ni mvivu. Selimundu inaweza kuleta viharusi vidogo visivyo na dalili ya nje, vinavyogusa umakini na kumbukumbu. Mpeleke akachunguzwe.

Liko kosa moja ninalolichukia kuliko yote: kuacha kumlipia ada mtoto kwa sababu "hawa hawafiki mbali". Kauli hiyo ilitokana na zama za kutokuwa na penisilini wala haidroksiyurea. Leo wapo madaktari, walimu, mafundi na wazazi wanaoishi na selimundu. Tena kwa mtu ambaye mwili wake hauhimili kazi ya jembe au kubeba zege, elimu ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kujitegemea.

Anapoanza kuwa mkubwa

Balehe huchelewa, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili, wakati mwingine zaidi. Msichana huwaona wenzake wamevunja ungo, mvulana huona sauti za rafiki zake zimebadilika. Waambie mapema kwamba itakuja. Mvulana aambiwe pia, na baba au mjomba kama mama anaona haya, kwamba uume ukisimama wenyewe kwa maumivu na kutolegea si aibu wala laana, ni sehemu ya ugonjwa. Akojoe, anywe maji, atembee kidogo. Ukizidi muda wa saa mbili, hospitali. Wavulana wengi huficha jambo hili hadi madhara yanakuwa ya kudumu, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba lipo.

Kuanzia miaka 10 au 12, mpe mtoto kazi zake: ajue jina la ugonjwa wake, majina ya dawa, tarehe ya kliniki, wingi wake wa damu wa kawaida. Kliniki aingie akiwa na swali lake mwenyewe. Wewe jibu yale asiyoyajua tu. Mwombe daktari dakika chache za kuzungumza naye peke yake.

Atauliza kama atakufa. Usimwambie anyamaze. Mwambie ukweli kwa kiasi cha umri wake: ugonjwa ni mzito, ziko njia za kuudhibiti, na ninyi mko pamoja naye. Mtoto aliyekatazwa kuuliza hubaki na hofu hiyo peke yake kila anapolazwa, hasa kitanda cha jirani kinapobaki kitupu. Akijitenga wiki nzima, akikosa hamu ya kula na hata mchezo alioupenda, hilo nalo ni tatizo la kiafya la kupelekwa kliniki.

Ndugu zake msiwasahau. Wao ndio wanaobaki na majirani mama anapolazwa na mgonjwa, na kimyakimya wanaweza kujenga chuki. Baba, zamu moja ya wodini kwa wiki, au siku moja ya kliniki, inampunguzia mkeo mzigo kuliko pole nyingi. Kuhusu gharama, kwa sera ya Tanzania watoto chini ya miaka 5 wanahudumiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Kwa wakubwa, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjaacha dawa.

Tiba ya kuondoa ugonjwa kabisa ipo. Upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu anayelingana umekuwa ukifanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2023. Bado ni kwa wachache, una hatari zake, na unahitaji mtoto aliyetunzwa vizuri. Tiba za kurekebisha vinasaba zilizoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 bado bei yake ni zaidi ya dola milioni 2 za Marekani kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo usiache penisilini na haidroksiyurea kwa kusubiri hizo.

Kama una mtoto ambaye viganja au nyayo zake zimewahi kuvimba bila kuumia, anayeishiwa damu mara kwa mara, ambaye macho yake huwa ya manjano, au aliyelazwa kwa "malaria sugu" isiyoisha, mpeleke apimwe selimundu wiki hii. Tone la damu la kidoleni linatosha kwa kipimo cha haraka. Ninyi wawili mliomzaa mpime pia. Na kwa mwenye mtoto aliyekwisha kugundulika: kabla ya kliniki ijayo, keti naye jioni moja, muulize wapi panauma, nani anamtania, na nini angependa daktari ajue, kisha mwache aseme mwenyewe.